Siku Walipong'oa Uzio wa Mamba

Nilipokuwa mtoto niliogopa vitu viwili: mamba, na kuogopa mamba. Hicho cha kwanza kila mtu wa kandokando ya ziwa anakielewa. Hicho cha pili ndicho kilichonifanya nishike kalamu na vidole hivi vilivyokakamaa, maana naona watu wazima, tena waliosoma kuliko mimi, bado wanawafanyia watoto wao kama nilivyofanyiwa.

Kwetu ni Ukerewe, kijiji cha ufukweni, na ukitoka Nansio kwa miguu asubuhi ulifika jua likiwa utosini. Bomba hatukuwa nalo. Maji tuliyachota ziwani, mahali pamoja penye mchanga katikati ya majabali, na hapo wazee walikuwa wamejenga uzio ndani ya maji. Niwaeleze watoto wa mjini ulivyokuwa. Walichimbia miti imara kwenye tope la ziwa, mmoja karibu na mwenzake, isipite hata shingo ya mbuzi, ikazunguka kama nusu zizi, na ncha zake mbili zikagusana na majabali ya nchi kavu. Unaingia humo, maji yanakufika magotini, unajaza debe lako, unatoka. Mamba anabaki nje anakutazama. Zizi la ng'ombe linamfungia mnyama ndani. La kwetu lilimfungia mtu ndani, na mwenye meno akabaki na ziwa lote.

Lakini ungemwuliza mtu yeyote pale kijijini ni kitu gani kinamzuia mamba, asingekutajia miti. Angekutajia dawa. Katikati ya uzio palikuwa na nguzo moja nene kuliko zote, na juu yake kilining'inia kibuyu kidogo kilichozibwa kwa kitambaa cheusi. Kila miti ilipobadilishwa, mzee Magoma, ambaye ndiye alikuwa mganga wetu, alichinja kuku, akaipaka ile nguzo damu, akanong'ona maneno yake, na tangu hapo tukaambiwa mamba wa pale wamefungwa. Wamefungwa, ndivyo tulivyosema, kama vile mtu amefunga mlango. Mtu akiliwa mahali pengine, ilisemwa yule hakuwa mamba wa kawaida bali wa kutumwa, na jioni hiyohiyo kuna kikongwe fulani alianza kutazamwa kwa jicho baya.

Imani hiyo ilikuja na uvivu wake. Kwa kuwa dawa ipo, wanaume hawakuwa na haraka na miti. Mti ukioza walisema haidhuru, kibuyu si kipo?

Bibi yangu, mama yake baba, alipeleka kuku kwa mzee Magoma kama wenzake. Hakutaka maneno na mtu. Lakini kabla ya kuchota alipita akitikisa mti mmoja mmoja kwa mkono, na aliponipeleka mara ya kwanza, na debe langu dogo la mafuta ya taa lililooshwa kwa majivu, alinifundisha kufanya hivyohivyo.

"Bibi, kwani dawa haipo?" nikamwuliza.

"Ipo. Tikisa."

"Sasa kama ipo..."

"Tikisa, mke mwenzangu. Maswali utamwuliza mamba."

Alikuwa hivyo. Mimi nimemrithi, watu wanalalamika.

Sasa nimtaje baba yangu, na nataka nimtaje kwa haki. Jina lake Zakaria. Kabla ya kuokoka alikuwa mlevi wa gongo, mtu ambaye mama alijua hali yake kwa jinsi alivyofungua mlango. Ndipo wakaja walokole kutoka bara na mwinjilisti wao, kijana mrefu mwenye sauti nzuri, wakahubiri siku kadhaa chini ya paa la nyasi. Baba alikwenda kuwacheka. Alirudi amevua kofia, akakaa karibu na mafiga, akamwambia mama, "Nisamehe." Mama alidhani ni pombe ya aina mpya. Lakini siku zikapita, na hakunywa tena, wala hakuinua mkono tena. Alianza kulima mihogo yetu hata jirani wakauliza Zakaria anakimbizwa na nani.

Kwa hiyo asije mtu akaniambia kwamba imani ni upuuzi wa wajinga. Mimi nililala usingizi wa kwanza wa amani maishani mwangu kwa sababu ya imani ya baba yangu. Hata bibi, ambaye hakubatizwa mpaka anazeeka, alisema, "Huyo Yesu amenirudishia mwanangu. Sina ugomvi naye."

Shida ilikuja baadaye, mtu alipochukua kitu kizuri akaanza kukitumia kama kitambaa cha kufungia macho.

Neno lenyewe, imani, siku hizi limezagaa kama vumbi la barabara ya Nyegezi, ninakoishi kwa binti yangu. Zamani ukimsaidia mtu mzigo alisema una imani, maana yake una huruma. Leo fundi anayekujengea bila nondo anakwambia uwe na imani. Juzi kijana wa pikipiki alitaka kunibeba jioni bila taa. Nikakataa. Akacheka, "Bibi, uwe na imani bwana!" Nikamwambia imani ninayo, mjukuu wangu, taa ndiyo sina, na naona wewe pia huna.

Basi mwinjilisti aliporudi mara ya pili alishuka na sisi ziwani, akakiona kile kibuyu. Akauliza ni nini. Akaambiwa. Jumapili ile mahubiri yote yalikuwa juu ya uzio. Alisema kijiji kinachomwimbia Mungu asubuhi na kunywa maji ya shetani jioni hakijaokoka. Watu waliinamisha vichwa. Na kwa upande wa kibuyu, mimi hata leo sioni alikosea wapi. Lakini hakuishia kwenye kibuyu. Alisema uzio mzima umewekwa wakfu kwa mashetani, miti yote, na kwamba mwenye imani ya kweli haendi kwa Mungu huku amejificha nyuma ya miti.

Wakaenda kuung'oa. Nilikuwepo. Ilikuwa mchana mweupe, wanawake wanaimba na kupiga makofi, wanaume wamejitosa majini wanatikisa miti na kuivuta, tope linatoka linanuka. Walokole walikuwa wengi wakati ule, na hata wasiokuwa walokole walikuja, maana nani anakosa kutazama jambo kama hilo. Mzee Magoma alisimama kwa mbali na fimbo yake, hakusema neno.

Aliyesema ni bibi. Alipita katikati ya waimbaji mpaka ukingoni.

"Zakaria!"

"Naam, mama."

"Kibuyu king'oeni. Kichomeni, na moto nitawaletea mimi mwenyewe. Miti imewakosea nini?"

Baba alisimama ndani ya maji, amekumbatia nguzo. "Mama, miti hii imepakwa damu."

"Na nguzo za nyumba yako? Siku tunajenga baba yako alizipaka nini, uji?"

Watu wakacheka, hata walokole.

"Kang'oe na hizo basi, ulale nje na mkeo!"

Baba hakucheka. Niliuona uso wake, na nadhani kwa nukta moja alifikiri. Lakini mwinjilisti akaanzisha pambio jipya kwa sauti kubwa, makofi yakapanda, na baba akaivuta ile nguzo. Miti yote ilichomwa pale mchangani. Ilikuwa imelowa, ikatoa moshi zaidi kuliko moto.

Moshi ulipopungua ndipo mzee Magoma akafungua kinywa. "Haya," alisema. "Mamba nimewafunga mimi, ninyi mmewafungua. Tusilaumiane." Akaondoka zake.

Tangu hapo kijiji kizima kilikuwa kinangoja. Upande mmoja ulingoja mamba aje, uthibitike uwezo wa mzee Magoma. Upande wa pili ulingoja mamba asije, uthibitike uwezo wa Mungu. Sikuona hata mtu mzima mmoja aliyekuwa anajiuliza nani anakwenda kuchota maji. Tulikuwa tunakwenda sisi, wanawake na watoto wa kike. Watu walikuwa wanabishana juu ya Mungu, na hoja yenyewe ilikuwa mguu wangu.

Na baba alitaka mguu huo uwe wa kwanza. Alisimama kanisani akasema binti yake Tabitha ataingia majini mbele ya wote, kwa kuwa mtoto ana moyo safi. Mama alikuwa amekaa nyuma na mdogo wangu mgongoni. Nilimgeukia. Alikuwa anaitazama sakafu ya udongo kana kwamba ameangusha sindano.

Walinisindikiza kwa nyimbo. Niliingia. Maji yalipofika magotini, mahali ambapo uzio ulikuwa unaanza kunipa usalama, nilinyoosha mkono nitikise mti, kwa mazoea tu, mkono ukashika hewa. Ziwa lote lilikuwa wazi mbele yangu, limetulia, linang'aa, na mahali popote pale chini ya ule mng'ao paliweza kuwa na mdomo. Nikajaza debe. Sikumbuki nilivyotoka. Nakumbuka baba amenibeba juujuu analia kwa furaha, "Mmeona? Mmeona?"

Hakuna kilichotokea siku ile, wala kesho yake. Walokole waliongezeka. Wanawake waliokuwa wamehamia kuchota kwenye kijito cha mbali wakaanza kurudi mmoja mmoja. Na mimi, kila alasiri nikitoka shule, debe kichwani, ngata ya majani ya mgomba chini yake, nilikwenda.

Siku moja nilimsubiri baba akiwa peke yake, akinoa jembe.

"Baba, nikiogopa je?"

"Ukiogopa nini?"

"Majini."

Aliweka jembe chini. Hakunifokea. Ingekuwa nafuu angenifokea. Alinivuta karibu, akanieleza habari za Petro, kwamba alitembea juu ya maji vizuri kabisa, na alipoogopa tu ndipo akaanza kuzama. "Umeona, mwanangu? Mawimbi hayakumzamisha. Aliyemzamisha ni hofu. Ukiogopa, maana yake huamini. Na asiyeamini amejitoa mwenyewe mikononi mwa Mungu."

Alinibusu utosini. Akarudi kwenye jembe lake.

Sijui kama ninyi mmewahi kuwa watoto wa aina hiyo, watoto wanaoshika neno. Mimi nililishika. Kuanzia siku ile sikuogopa mamba tu. Niliogopa moyo wangu. Nilijua nikishuka kwenye yale majabali ukadunda, mamba atausikia huko chini, atajua huyu hana ulinzi. Basi nilikuwa nashuka nimeuma meno, najiambia siogopi, siogopi, na kadiri nilivyojiambia ndivyo ulivyozidi kudunda. Nilimwomba Mungu aniondolee hofu. Hakuiondoa. Nikahitimisha kwamba amekwisha kunikataa. Usiku nilikuwa nakojoa kitandani, msichana mkubwa wa darasa la tatu, na asubuhi nauficha mkeka nyuma ya ghala la mihogo.

Mwenzangu mmoja shuleni aliniuliza mbona nimekonda. Nikamwambia nina minyoo. Ningemwambiaje? Ningetamka kwa kinywa changu kwamba siamini?

Bibi ndiye aliyeuona ule mkeka. Hakuuliza. Jioni ile aliniletea kitu alichokitengeneza mwenyewe: kibuyu cha kuchotea, kimefungwa imara kwa kamba ya katani kwenye ncha ya fito ndefu, ndefu kuliko baba.

"Simama juu ya jabali," alisema. "Usikanyage maji. Nyoosha, chota, mimina kwenye debe. Utachelewa, lakini utarudi."

"Bibi, hii si kukosa imani?"

"Kukosa imani kwa nani? Mimi nakuamini wewe. Mamba simwamini."

Nilikitumia. Nakwambia, kwa siku chache zile niliishi. Nilikuwa nasimama juu ya jabali, nachota polepole, maji nusu yakimwagika, na nilikuwa naimba pambio kabisa, kwa moyo wangu wote. Ninapofikiri sasa naona ule ndio wakati pekee katika mambo yale ambapo nilimwimbia Mungu bila kudanganya.

Watu waliona, wakamwambia baba. Mlokole mmoja mama mtu mzima alimwambia wazi mbele ya wenzake, "Ndugu Zakaria, binti yako anavua maji kama mtu anavyovua samaki. Ushuhuda wetu unachekwa." Baba alikuja nyumbani akachukua ile fito, akaivunja juu ya goti lake. Kibuyu kikapasuka. Bibi alikuwa anamenya mihogo, hakuinua kichwa. Alisema tu, "Vunja. Ila kesho uende naye, uone mwenyewe anavyokwenda."

Nadhani maneno hayo yalimwingia, maana kesho yake alasiri aliniambia, "Njoo, Tabitha. Leo nitaingia mimi, wewe utatazama. Utaona kwamba hakuna kitu." Alinishika mkono njia nzima. Kiganja chake kilikuwa kikavu na chenye joto. Hakuwa anaigiza. Baba yangu hakuogopa hata kidogo, na jambo hilo bado linanitisha kuliko mengine yote.

Karibu na pale, upande wa pili wa majabali, wavuvi wawili wapitaji kutoka Ukara walikuwa wanaziba mtumbwi wao. Baba aliwasalimia, wakaitika. Akakunja suruali, akachukua debe langu, akaingia. Alikwenda kupita pale uzio ulipokuwa, maji yakamfika kiunoni. Mimi nilibaki juu ya jabali.

Hakukuwa na upepo. Ndiyo maana niliona. Kulikuwa na mahali, upande wa kushoto kwake, maji yalipovimba kidogo kama shuka mtu anapogeuka chini yake, halafu yakatulia. Kisha karibu zaidi yakavimba tena. Halafu nikaona vijiwe viwili vyeusi ambavyo havikuwepo.

Nilipiga kelele. Sauti ilitoka kabla sijapata nafasi ya kuamini au kutoamini chochote.

"Baba! Mamba! Baba, mamba!"

Aligeuka. Lakini hakugeukia maji. Alinigeukia mimi. Alilipa ziwa kisogo akanitazama kwa uso wa huzuni, kama mtu aliyeletewa habari mbaya za mwanawe, akainua mkono wa kuume kunikataza.

"Tabitha! Usiseme hivyo. Sema Yesu. Sema..."

Mamba alimkamata mkono wa kushoto, ule ulioshika debe.

Sitaeleza yote. Walioona wanajua, wasioona haiwafai kitu. Sauti niliyoisikia kwanza ilikuwa ya bati, debe likiminywa. Halafu baba alizama, akaibuka, akazama. Wale wavuvi waliruka majabali na makasia yao. Mmoja alimshika baba nguoni, mwingine alikuwa anashindilia mpini wa kasia mahali ambapo alidhani ni macho, akitukana matusi ambayo sijayasikia tena tangu siku ile. Na mimi juu ya jabali nilikuwa nasema Yesu, Yesu, Yesu, kama nilivyoagizwa, na sikuweza kunyamaza hata walipokwisha kumlaza mchangani.

Walimbeba kwa mtumbwi mpaka zahanati ya wamisionari. Mkono ulikatwa juu ya kiwiko. Alirudi nyumbani amekuwa mwembamba na mwenye homa inayokuja na kuondoka, akalazwa chumba cha mbele.

Ndipo wakaja wa kutupa pole. Mzee Magoma hakuingia ndani. Aliishia uani, akamwambia bibi kwamba yeye alikwisha kusema, na kwamba sasa kuwafunga mamba tena kutataka ng'ombe, kuku hatoshi. Bibi akamwambia, "Shemeji, uliacha miti inaoza mwaka mzima. Mti mmoja ulitoka mkononi mwangu kama jino la mtoto. Huyo ng'ombe kamlishe mwenyewe." Mzee akasonya, akaondoka.

Jioni wakaja wa kanisani, mwinjilisti na baadhi ya kina mama. Wakaketi. Waliimba kidogo, wakaomba. Halafu mwinjilisti akaanza kutafuta sababu. Lazima ipatikane sababu, maana kama Mungu analinda wenye imani, na Zakaria ameliwa mkono, basi kuna mahali palipotoboka. Aliuliza kwa upole kama baba ana dhambi iliyofichika. Baba akatikisa kichwa. Akamwuliza mama. Mama akainama kumfunga vizuri mdogo wangu mgongoni. Ndipo yule mama mtu mzima, yule wa kusema navua maji, akasema:

"Kuna aliyepiga kelele za hofu. Wavuvi wamesema. Hofu ni mlango."

Wote wakanigeukia. Nilikuwa pembeni na ungo wa udaga, unga wetu wa mihogo. Nimewaambia niliogopa mamba. Mamba si kitu. Watu wazima waliojaa chumba kimoja, wote wameokoka, wote wananitazama kwa huruma, na kila mmoja anaamini mimi ndiye niliyemla baba yangu mkono, hiyo ndiyo hofu. Na ubaya wake, mimi mwenyewe niliamini. Nilikuwa nimekwisha kuamini tangu mchangani. Nilikuwa nangoja tu nani atasema. Nilifungua mdomo nikubali.

"Kwa hiyo," bibi akasema kutoka mlangoni, "mamba husubiri kwanza apigiwe kelele, ndiyo njaa imshike?"

"Mama, haya ni mambo ya rohoni," mwinjilisti akamjibu.

"Mkono ulioliwa ni wa rohoni?"

"Mwacheni mtoto," baba akasema.

Sauti yake ilikuwa ndogo. Wote wakageuka. Alikuwa anajaribu kujiinua, akasahau kwamba upande ule hana cha kujiegemeza, akaanguka, akajaribu tena kwa mkono uliobaki. Hakuna aliyemsaidia, sijui kwa nini. Mwishowe akakaa.

"Mtoto aliona," alisema. "Mimi sikutazama."

"Ndugu Zakaria, una homa. Pumzika."

"Homa ninayo. Nisikilize hivyohivyo. Niliomba Mungu anilinde. Akaniwekea mtu juu ya jabali, mwenye macho. Naye akanitajia mamba kwa sauti, kwa jina lake, mara mbili. Mimi nikamgeuzia mamba kisogo ili nimkemee aliyetumwa." Akahema. "Mlango niliufungua mimi. Mtoto alikuwa anaufunga."

Mwinjilisti akasema wataomba zaidi juu ya jambo hilo. Baba akasema, "Ombeni. Nami nitaomba. Lakini kesho nataka watu wa kukata miti."

Nilimwaga ule unga wote chini. Hakuna aliyenigombeza.

Uzio ulijengwa upya, bila kibuyu wala kuku. Baba alisimama mchangani akaomba kwa sauti, mkono mtupu wa shati umefungwa fundo, kisha akawaambia vijana wachimbie miti chini zaidi. Na sasa hebu cheka kidogo: karibu kijiji chote kiliukataa. Watu wa mzee Magoma walisema uzio usio na dawa ni fito tu. Walokole waliokuwa wakali walisema uzio ni uzio. Kwa miezi tuliokuwa tukiingia mle ndani ni mimi, mama na bibi, na wake wa wavuvi wapitaji ambao hawakuwa na habari na ugomvi wetu. Wengine waliendelea na kijito. Walirudi polepole, kila mmoja kwa sababu yake, hakuna aliyetangaza.

Mwinjilisti alihamia kisiwa kingine. Sikuwahi kusikia kwamba aliulizwa chochote.

Baba aliishi miaka mingi, akafa mzee, mlokole mpaka pumzi ya mwisho. Wengi walidhani ataacha. Nilipokuwa nimekwisha kuolewa nilimwuliza kama hakumkasirikia Mungu. Aliniambia alimkasirikia sana, kule zahanati, mpaka usiku mmoja akagundua kwamba hasira yote ilikuwa juu ya ahadi ambayo Mungu hakuitoa. Aliitoa mwinjilisti, na yeye baba akaipenda kwa sababu ilimfanya ajione shujaa mbele ya watu waliomjua akiwa mlevi. Hakusema zaidi ya hapo. Aliniomba nimfunge kamba za viatu.

Najua vijana wanasema imani yote ni upofu. Si kweli, na mimi nina haki ya kusema. Imani ya baba iliyomtoa kwenye gongo ilikuwa na macho mawili: iliona uso wa mama, iliona sisi, ikaona haya. Ile iliyompeleka majini haikutaka kuona kitu, na ikamchukia aliyeona. Ukitaka kuzitofautisha usisikilize nyimbo, zote mbili zinaimba vizuri. Mpe mwenye imani habari mbaya ya kweli, utazame atamgeukia nani kwa hasira.

Binti yangu ananipenda, lakini naye ana mhubiri wake hapa mjini. Mwezi uliopita aliniletea chupa ya maji ya upako, akaniambia niache vidonge vya presha, nioneshe imani. Niliipokea kwa heshima. Nikameza vidonge kwa maji hayohayo. Akaniuliza, "Mama, kwa nini unaogopa hivyo?" Aliuliza kwa upole, kama baba.

Sikumjibu, kwa sababu jibu lenyewe lilinichelewea sana, nililipata nikiwa mama wa watoto watano, na sikutaka kulitoa jikoni huku maharage yanaungua. Miaka mingi niliomba kama mtoto yule wa majabalini, nimeuma meno, namwonesha Mungu moyo uliofagiliwa. Siku hizi nikipiga magoti, nikiweza kuyapiga, naanza na ninayoyaogopa. Nayataja yote, bila kupamba. Presha. Kuanguka bafuni. Mjukuu wangu na hizo pikipiki. Binti yangu na chupa yake. Na maji, maji bado nayataja kila siku, ingawa yako bombani. Nikimaliza kuyataja huwa nasikiliza kama Mungu amekasirika.